Je, Motakaa Iliyotengenezwa Upya Ni Ile Ile?

Karibu kila mji una motakaa zilizokufa. Twaziona nyuma ya nyumba, chini ya mti wa avoka au kando ya ukuta wa gereji: magurudumu hayapo, nyasi zimeota katikati ya injini, kuku wanataga juu ya kiti cha dereva. Watu wengi hupita bila kuziangalia. Lakini mara moja moja hutokea mtu asiyepita tu. Husimama, hufungua boneti, hugusa bati, kisha husema moyoni: "Hii nitaifufua."

Neno hilo ni kubwa, na leo twataka kulipima. Maana mtu anayetengeneza upya motakaa ya kale, tena iliyo adimu, afanya kazi yenye maswali ya dhamiri ndani yake, ijapokuwa mikono yake imejaa grisi na yeye mwenyewe hadhani kwamba anafanya falsafa. Arudishe nini? Hali ipi? Akimaliza, motakaa ile itakuwa ile ile, au nyingine iliyovaa jina lake? Na je, yafaa kutumia fedha nyingi na siku nyingi hivyo kwa ajili ya chuma kuukuu, wakati jirani ana shida?

Tuseme basi kwamba mtu huyo akaa kwetu Shari, hapa Bunia, na kwamba motakaa yake ni Land Rover ya zamani. Hatusemi habari za mtu fulani. Twaweka mfano tu, tupate kufikiri pamoja. Tumechagua Land Rover kwa sababu wazee wengi waijua. Kabla Toyota hazijajaa Kongo na Afrika Mashariki, Land Rover ndiyo iliyombeba daktari, mpimaji wa ardhi, padre, askari na mwindaji katika njia mbaya. Nasi huku Ituri twajua njia mbaya ni nini. Barabara ya Komanda au ile ya Mahagi, wakati wa mvua, humfundisha dereva unyenyekevu upesi kuliko mahubiri.

Kuzaliwa kwake

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma. Serikali iligawa chuma kwa kipimo, na viwanda vilivyouza vitu nchi za nje ndivyo vilivyopewa zaidi. Katika kampuni ya Rover alikuwako mkuu wa mafundi, jina lake Maurice Wilks. Alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Jeep ilifanya kazi vizuri, lakini ilikuwa imechakaa. Maurice akashauriana na ndugu yake Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni: kwa nini tusiunde ya kwetu?

Mwaka 1947 wakaunda moja ya kujaribia. Waliijenga juu ya chasisi ya Jeep, na usukani wake waliuweka katikati, kama wa trekta. Kwa kuwa bati la chuma lilikuwa haba, mwili waliufanya kwa mchanganyiko wa alumini, ndugu wa madini yale ya sufuria zetu. Zile za kwanza kuuzwa zilipakwa rangi ya kijani iliyobaki katika akiba za ndege za vita. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza, katika maonyesho ya motakaa mjini Amsterdam, Uholanzi. Wenyewe walidhani ni kazi ya miaka michache tu, ya kuipitisha kampuni katika shida. Kumbe ukoo wake uliendelea kuundwa, ukibadilika kidogo kidogo, hata Januari 2016.

Angalia jambo hili, msomaji. Hata siku yake ya kwanza motakaa hii haikuwa kitu kamili kilichotoka mbinguni. Ilizaliwa kwa mabaki na kwa upungufu: chasisi ya mwingine, madini yaliyopatikana kwa kukosa mengine, rangi ya ndege. Mtu asemaye, "Nitairudisha hali yake ya kwanza," akumbuke kwamba hali hiyo ya kwanza yenyewe ilikuwa ni kuungaunga.

Kazi ya nyuma ya nyumba

Sasa tumtazame mtu wetu wa Shari anapoanza kazi. Jambo la kwanza atakalojifunza ni kwamba macho hudanganya. Alumini haishikwi na kutu nyekundu, kwa hiyo Land Rover ya miaka sitini yaweza kuonekana nzima. Lakini chini yake iko chasisi, yaani uti wake wa mgongo, na hiyo ni ya chuma, mabamba yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu. Maji na matope huingia ndani ya sanduku hilo, hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana fundi mwenye akili haanzi na brashi ya rangi. Huanza na nyundo ndogo. Hugonga chasisi toka mbele hata nyuma, huku akisikiliza. Palipo pazima hulia. Palipooza hutoa sauti ya kufa.

Tena mahali alumini inapogusana na chuma, maji yakipenya kati yao, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva huoza chini, pale viatu vyenye matope hukaa. Springi zake, ambazo ni bamba juu ya bamba, hushikana kwa kutu zisiweze kucheza. Hapo watu husema, "Land Rover ni ngumu kama mkokoteni." Mara nyingi si tabia yake, ni ugonjwa wake.

Injini ni ya subira. Ile ya petroli ya lita mbili na robo, iliyoanza kutumika mwaka 1958, fundi wa nyumbani aweza kuifungua kwa spana za kawaida, akasafisha, akasaga vali, akabadili pete za pistoni. Mbele pana tundu la kuingizia mkono wa chuma wa kuzungushia injini, betri ikifa. Karibu na viti pana vishikio: chenye kichwa cha njano huunganisha magurudumu ya mbele, na chekundu huipa motakaa mwendo wa polepole wenye nguvu, kwa milima na matope. Tena, kwa kuwa walioiunda waliifikiri kama ndugu wa trekta, waliweka njia ya kutolea nguvu ya injini nje, ipate kuendesha msumeno au kinu.

Kazi yote hiyo, kwa mtu aifanyaye jioni na Jumamosi, ni ya miaka, si ya miezi. Spea za pikipiki ziko kila kona ya mji. Za Land Rover ya 1958 hutafutwa mbali, huombwa, na nyingine huchongwa kwa mkono. Faraja yake ni kwamba hayuko peke yake. Mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha, Tanzania, nyingine za kale kabisa, wenyewe wakizionyesha kwa furaha kama wafugaji waonyeshavyo ng'ombe wao.

Swali la mto na swali la merikebu

Basi siku moja mtoto wake anamwuliza:

"Baba, chasisi umeibadili. Milango umeibadili. Injini umeitoa katika nyingine. Mbona bado waiita motakaa ya babu?"

"Mwanangu, maji uliyochota jana katika mto Shari yako wapi?"

"Yamekwenda zake, baba."

"Na mto je?"

"Mto upo."

"Ndivyo ilivyo."

Jawabu hilo ni zuri, na watu wa kale waliliwaza kabla yetu. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki, aeleza kwamba watu wa Athene walihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseo. Kila ubao ulipooza waliutoa, wakatia mpya, mpaka wenye hekima wakaanza kubishana: wengine walisema ni ile ile, wengine walisema siyo tena. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Je, kama mtu angeziokota mbao zote kuukuu zilizotupwa, akaziunga tena kwa mpango wake wa zamani, ipi sasa ingekuwa merikebu ya Theseo? Ile iliyobadilishwa mbao moja moja, au hii yenye mbao zote za kwanza?

Sisi twaona kwamba katika kitu kilichofanywa na mikono ya watu yako mambo matatu. Kwanza ni vipande vyake. Pili ni umbo na kazi yake. Tatu ni habari zake, yaani mikono iliyopitia na njia iliyokwenda. Vipande vyaweza kubadilika, kama maji ya mto. Kila mwenye jembe ajua kwamba mpini mpya hauondoi jembe la baba. Lakini habari hazibadilishwi. Kitu hubaki kile kile kama kila badiliko lilifanywa kwa ajili yake, ili kiendelee, na kama mnyororo wa mabadiliko haukukatika. Mtu akichukua nambari tu ya motakaa iliyokwisha kuyeyushwa, akaibandika juu ya nyingine, hapo hakuna mto. Pana jina tu la mto juu ya birika.

Ndiyo maana jawabu la baba, ingawa ni zuri, halitoshi. Mto Shari hauuzwi kwa hati. Motakaa huuzwa. Na hapo swali la wenye hekima lageuka kuwa swali la amri ya nane.

Ukweli kwanza

Motakaa ya kale iliyo adimu ina bei kuliko ya kawaida, na penye bei kubwa pana kishawishi. Kuunganisha mbili zilizokufa kuwa moja iliyo hai si dhambi. Mara nyingi ndiyo njia pekee. Kubadili chasisi si dhambi. Dhambi ni kunyamaza wakati wa kuuza, au kusema, "Haijaguswa tangu kiwandani," huku ukijua injini ilitoka mahali pengine. Mtengenezaji mwaminifu aweke daftari. Aandike: hiki nimekikuta, hiki nimekitoa, hiki nimekichonga mwenyewe. Daftari la namna hiyo ni rahisi kuliko kopo la rangi, lakini laipa motakaa heshima ambayo rangi haiwezi kuipa.

Hata wenye kiwanda wamelijua jambo hili. Moja ya zile Land Rover zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilipotea machoni pa watu. Iliendeshwa mara ya mwisho katika miaka ya 1960, ikakaa miaka 20 katika uwanja huko Wales, kisha mtu akainunua apate kuitengeneza. Kazi haikumalizika, ikabaki bustanini, mbali kidogo tu na Solihull, mji ule ule ilikoundwa. Mwaka 2018, Land Rover ilipotimiza miaka 70, kampuni ilitangaza kwamba itaitengeneza. Nao walikuwa na fedha za kuifanya ing'ae kama kioo. Lakini walisema watahifadhi alama za uzee katika vipande vyake vya asili, wakiirudishia uwezo wa kwenda bila kuufuta umri wake.

Hapo twajifunza jambo kubwa. Kutengeneza si kufuta.

Hali ipi?

Maana yako makosa mawili, nayo yafanana kuliko tunavyodhani. Kosa la kwanza ni la mtu aachaye kila kitu kioze, akisema, "Ni ya kale, isiguswe." La pili ni la mtu anayetaka kila kitu kionekane kama siku ya kwanza, kana kwamba miaka iliyopita ilikuwa aibu. Wote wawili hawataki kuishi na wakati.

Tufikiri habari ya ndugu wa Land Rover aliyezaliwa Ubelgiji. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Minerva, mjini Antwerpen, ilipewa ruhusa ya kuunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Mwili wa Minerva haukuwa wa alumini bali wa chuma, na mabawa yake ya mbele yalikatwa kwa mshazari, hata mtu akiiona mara moja haisahau. Leo ni adimu, na wapenzi wa motakaa za kale huitafuta sana. Sasa tuseme mtu wa Kongo anapata moja kama hiyo, nayo imepita kwa wenyewe watano: askari, mwenye shamba, mchuuzi wa samaki, shule, gereji. Airudishe hali ipi? Akiirudisha ilivyotoka Antwerpen, itavaa rangi ya jeshi la nchi iliyotawala Kongo hata tarehe 30 Juni 1960. Je, hiyo ndiyo iliyo ya kweli kuliko zote? Na yule mchuuzi aliyeipaka bluu na kuandika jina la mtoto wake mlangoni, hakuwa sehemu ya habari zake?

Hatusemi kwamba rangi ya jeshi ni haramu. Mtu aweza kuichagua, akiwafundisha watoto historia bila kuipamba. Twasema tu kwamba "mwanzo" si neno takatifu. Mwenye kutengeneza achague kwa kufikiri, ajue anachagua, wala asiseme kwamba kiwanda peke yake ndicho kilichoipa motakaa uhai.

Tena tuwakumbuke mafundi wasio na jina. Ukifungua motakaa iliyoishi miaka mingi Afrika, utakuta kazi zao: bamba la springi lililotoka katika lori, kiraka cha bati kilichopigwa ribiti kwa uangalifu, bawaba iliyochongwa kwa chuma cha kitanda. Mtu aliyesoma vitabu vya kiwanda huyacheka mambo hayo, huyang'oa yote na kuyatupa. Asifanye haraka. Yumkini kiraka kile kilifanywa usiku, njiani, na mtu aliyekuwa na nyundo na akili tu, na kwa sababu yake abiria walifika nyumbani. Kama hakidhuru, kiache. Ni sahihi ya mtu ambaye hakuwa na karatasi ya kuandika jina lake.

Lakini kama chadhuru, kitoe bila huruma. Hapa hatutaki upole wa uongo. Land Rover za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, breki yote imekwenda. Basi mtu akiongeza njia ya pili iliyo salama zaidi, ameiacha hali ya kwanza, naye amefanya vema. Akikataa kwa sababu "haikuwa hivyo 1958," huku akipakia watoto wa jirani na kushuka nao mlimani, amependa kitu cha kale kuliko watu. Upendo wa kale una mpaka wake, na mpaka huo ni shingo ya mwenzako.

Fedha na jirani

Sasa tuje kwenye swali linalouma. Mke wake amwambia, "Baba Fulani, ada ya shule haijalipwa, nawe umenunua tena kabureta." Tuseme nini?

Kwanza tuseme kwamba mke ana haki. Ada ya shule, dawa, chakula, deni la watu: hayo hutangulia. Kazi ya mikono iliyo njema hugeuka kuwa mbaya ikila mkate wa watoto. Hapa hapana falsafa ndefu.

Lakini yakiisha hayo, je, kila fedha inayobaki iende kwa kitu chenye faida ya upesi? Wengine watasema ndiyo: katika nchi yenye shida kama yetu, mchezo na chuma kuukuu ni anasa. Twaliheshimu neno hilo, maana lasemwa mara nyingi na watu wanaojua njaa. Hata hivyo halikamiliki. Mtu si tumbo tu. Wamama huchora nakshi katika vyungu, nacho chungu bila nakshi kingepika vile vile. Anayefanya kazi ngumu kwa uaminifu, polepole, bila kutazamia sifa, hujifunza mambo ambayo fedha hazinunui: kungoja, kupima mara mbili na kukata mara moja, kukiri kwamba bolti imekatika na kuanza tena. Na kama nyuma ya nyumba ile vijana wawili watatu husimama kuangalia, kisha wakapewa spana, wakafundishwa kusikiliza chasisi, basi nyumba ile imekuwa shule bila ada. Katika Ituri, ambako kijana asiye na kazi hutafutwa upesi na wenye bunduki, jambo hilo si dogo.

Halafu yafaa tukumbuke motakaa ni ya nini. Mwaka 1925 padre Otto Fuhrmann, wa shirika la Waoblati, alikufa kwa ugonjwa huko Ovamboland, kaskazini mwa Namibia, kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi penye msaada. Rafiki yake padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani, hakuridhika na kulia tu. Mwaka 1927 alianzisha Ujerumani chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari. Habari hiyo yatukumbusha kwamba nyuma ya kila motakaa ya njia mbaya pana mtu anayengojea mahali fulani: mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye homa. Motakaa iliyotengenezwa vizuri kisha ikafunikwa shuka, isitoke ila siku ya sherehe, imetengenezwa nusu. Haitakiwi ichoshwe kama lori. Ni mzee, nayo iheshimiwe kama mzee. Lakini siku jirani atakapobisha hodi usiku wa mvua, mwenye motakaa asifikiri kwanza juu ya rangi yake.

Ya kale ni dhahabu?

Wahenga walisema: ya kale ni dhahabu. Sisi watu wa Ituri tuna haki ya kulisikia neno hilo kwa makini, maana dhahabu twaijua. Iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na mto wetu Shari ulizuiwa huko Budana ili maji yake yatoe umeme kwa machimbo ya Kilo-Moto. Kila mchimbaji ajua kwamba dhahabu haiokotwi safi. Imechanganyika na udongo, na udongo ni mwingi kuliko dhahabu. Huoshwa kwa saa nyingi, mgongo umeinama, na mwisho hubaki punje. Ndivyo yalivyo mambo ya kale. Si yote dhahabu. Mna humo udongo wa kutupwa, na mna punje za kuhifadhiwa, na kazi ni kutofautisha.

Twaweza kwenda hatua moja mbele, ingawa mtu si bati na moyo si injini. Nchi yetu ya Ituri iliumizwa na vita vya 1999 hata 2003, na tena tangu mwisho wa 2017. Mara nyingi twasikia watu wema wakisema, "Turudi kama zamani." Twaelewa hamu yao. Lakini hata jirani wawili waliopatana hawarudi siku ya kwanza. Siku hiyo imekwenda kama maji ya mto. Anayedai kwamba tusahau yote apaka rangi juu ya kutu, na kutu itaendelea kula kutoka ndani. Anayesema kwamba kilichovunjika hakitengenezeki kamwe aacha nyasi ziote katika injini. Iko njia ya tatu, iliyo ndefu: kugonga na kusikiliza palipooza, kukata kilichokufa hata kama kukata kwauma, kuunga kilicho kizima, kuandika katika daftari yaliyotukia bila uongo, kisha kwenda tena, alama zikiwa zaonekana. Mapatano ya namna hiyo hayang'ai kama kioo, lakini hupanda mlima.

Basi kwa mtu wetu wa Shari, na kwa kila mtu mwenye kitu cha kale nyuma ya nyumba, twatoa maneno haya machache. Gonga kabla ya kupaka. Andika unachobadili. Heshimu mkono uliotangulia wako. Breki zitangulie fahari, na ada ya watoto itangulie kabureta. Mfundishe kijana anayesimama kukuangalia. Na injini itakapowaka, usiseme kwamba umeushinda wakati, maana hakuna awezaye. Sema tu kwamba kitu kilichowatumikia watu waliotutangulia kiko tayari kutumikia tena, kisha fungua mlango, umkaribishe aliye na safari.